Gredi Moja, Kozi Mbili



Mama mmoja alinijia wiki hii machozi yakimlengalenga. "Binti yangu na wa jirani wote wamepata B katika KCSE. Mbona mwenziwe ameitwa uuguzi, na wangu ualimu?"

Jawabu ni kwamba gredi ya jumla si kipimo pekee. Masomo 7 hujumlishwa, A ikiwa pointi 12 na E pointi 1. Ukomo wake ni 84. Mwenye C+ na zaidi hustahiki shahada. Kisha KUCCPS, taasisi inayogawa nafasi za vyuo, hutazama masomo 4 yanayoambatana na kozi iliyoombwa. Pointi zake, zikipimwa pamoja na zile za jumla, hutoa kipimo kisichozidi 48. Wenye kipimo kikubwa hutangulia mpaka nafasi zijae.

Binti wa jirani alipata A- ya baiolojia na B+ ya kemia. Binti wa mama huyu aliinuliwa na historia na elimu ya dini. Kemia alipata C+. Hakudhulumiwa, wala ualimu si adhabu.

Basi tusingoje matokeo. Mtoto anapochagua masomo, tumuulize anataka kusomea nini. Na kabla hajaomba kozi, hata iwe Chuo Kikuu cha Pwani hapa Kilifi, tulinganishe kipimo chake na cha waliochukuliwa mwaka uliopita. Tuombe dua, na ngamia tumfunge.