Pikipiki Kubwa na Njia ya Kigangoni



Majuma machache yaliyopita wasafiri wawili wageni, wakitoka Dodoma kuelekea Arusha, walisimamisha pikipiki zao karibu na stendi yetu ya Babati ili wanywe chai. Kabla chai haijapoa, vijana wa bodaboda walikuwa wamezizunguka pikipiki zile kama nyuki na mzinga. Sisi tulikuwa tukipita kumpelekea mgonjwa Komunyo, nasi tukapunguza mwendo na kutazama. Hatuoni haya kuungama hilo.

Dominika iliyofuata, baada ya Misa ya pili, baadhi ya waamini walitujia kwa moyo mwema. Walishauri kwamba parokia ichangie pikipiki ya namna ile kwa ajili ya mapadre wao, maana hii tuliyo nayo imezeeka. Waliomba jibu. Tumeona vema kulitoa hapa, kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu sote.

Kwanza tuitendee haki ile pikipiki. Aina ile huitwa skrambla, na asili yake ni Uingereza, kwenye mashindano ya kukimbizana mashambani na vilimani. Mafundi walichukua pikipiki ya barabarani, wakainua bomba la moshi lisigonge mawe, wakaweka usukani mpana na matairi yenye meno. Kampuni ya Triumph iliirudisha aina hiyo sokoni mwaka 2006, na Ducati ikafuata mwaka 2014. Skrambla ya Triumph ya cc 1200 ina nguvu za farasi zipatazo 90, ilhali Boxer ya cc 150 inayobeba abiria hapa mjini ina kama 12 tu. Ni kazi nzuri ya mikono ya binadamu, na kuipenda si dhambi. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilipozinduliwa mwaka 2018, si ajabu kuwaona wasafiri wa namna hiyo wakipita kwetu.

Wala Kanisa halijawahi kuiogopa injini. Mwaka 1925 padre mmisionari Mjerumani, Otto Fuhrmann, alifariki dunia katika nchi ya Waovambo, Namibia ya leo, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi kwa mganga. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, aliyekuwa rubani, hakuishia kulia. Mwaka 1927 alianzisha shirika la MIVA ili wamisionari wapate magari, pikipiki, mashua, hata ndege. Shirika hilo lilizaliwa kutokana na kifo cha mtu mmoja aliyechelewa kufikishwa penye msaada. Ndiyo maana tunasema kwamba chombo cha padre kina swali moja tu la kujibu: je, kinamfikia mgonjwa kabla hajakata roho?

Tukiipima skrambla kwa swali hilo, inapungua. Ina uzito unaozidi kilo 200. Imekusudiwa lami, na njia ya vumbi isiyo ngumu sana. Lakini wagonjwa wetu hawaishi kandokando ya lami tu. Wako kwenye miteremko ya Kwaraha, wako ng'ambo ya makorongo, wako mahali ambapo wakati wa masika udongo mweusi hushika tairi kama saruji mbichi. Hapo padre hushuka na kuisukuma pikipiki yake, pengine akisaidiwa na katekista mzee. Nani atasukuma kilo 200? Na kipuri kikivunjika, fundi wetu wa hapa, ambaye hufungua Boxer na kuifunga akiwa amefumba macho, atakitoa wapi? Pikipiki inayongojea kipuri kutoka Ulaya miezi miwili haimpaki mtu mafuta matakatifu.

Lipo na jambo la ndani zaidi. Juni 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa kichungaji kuhusu barabara, wenye amri kumi za dereva. Ya tano inatuonya tusikifanye chombo chetu kuwa njia ya kuonyesha ubabe. Mwezi Juni 2013 kampuni ya Harley-Davidson ilimzawadia Papa Fransisko pikipiki kubwa. Alitia sahihi yake kwenye tangi, nayo ikauzwa kwa mnada mjini Paris Februari 2014 kwa zaidi ya euro 240,000. Fedha zile zilikwenda Caritas ya Roma, kwa ajili ya hosteli na jiko la maskini karibu na kituo cha treni cha Termini. Wengi wa waliolala na kula pale pengine hawakupata kuketi juu ya pikipiki ile, lakini hapana shaka iliwabeba.

Wapo watakaosema: je, mapadre wetu waendelee kuhangaika na chombo kibovu ili tuonekane wanyenyekevu? Hapana. Breki zilizokufa si fadhila. Padre anayeanguka njiani usiku kwa kukosa taa hamsaidii mgonjwa, na parokia isiyotunza chombo chake inacheza na uhai. Tunahitaji pikipiki nyingine, na tunaiomba waziwazi. Lakini tunaiomba ile nyepesi ya njia mbaya, ya cc 125 au zaidi kidogo, iliyo juu kutoka ardhini, ambayo vipuri vyake vinapatikana.

Kisha tuwatazame wale vijana waliokuwa wakiizunguka skrambla. Hao ni wana wetu. Baadhi yao tumewabatiza, na baadhi ya wenzao tumewazika. Tumesimama makaburini, mama akishikiliwa na majirani, na mara nyingi habari ni ile ile: mwendo, mishikaki ya abiria watatu, na kofia ngumu iliyoning'inia kwenye usukani badala ya kuvaliwa kichwani. Abiria ndiye aliyesahauliwa kabisa. Dereva akiwa na kofia, mama aliyepakiwa nyuma na mtoto mgongoni hana kitu. Nasi tunajua, kwa uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi, kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na ile ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Wana hawa wakituona sisi tukipita na nguvu za farasi 90, watajifunza nini kwetu? Mahubiri yetu juu ya kiasi yatafunikwa na ngurumo ya bomba la moshi.

Kwa hiyo jibu letu ndilo hili. Bei ya skrambla moja mpya, hata kabla ya ushuru, hununua bodaboda zaidi ya kumi. Tununue pikipiki moja ya kazi, na sehemu ya kile ambacho mngekuwa tayari kutoa kilichobaki tuwanunulie kofia za abiria vijana wa vijiwe vyetu, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, maana barabara haiulizi dini. Halmashauri ya Walei na VIWAWA wakutane wapange.

Tena tuige jambo jema. Kule Austria, kila mwezi Julai, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, MIVA huwaalika madereva watoe kisehemu kidogo cha senti kwa kila kilometa waliyosafiri bila ajali, ili wengine wapate vyombo vya usafiri. Ni shukrani inayohesabika. Tarehe 25 Julai tutabariki pikipiki zote za mji huu zitakazokuja uwanjani petu. Kila atakayekuja na kofia mbili atakaa mstari wa mbele.

Bwana wetu alipoingia Yerusalemu alipanda punda, tena wa kuazima, naye akamrudisha. Alifika alikokuwa anakwenda. Tunawashukuru kwa upendo wenu, nasi tunawasihi mtusaidie kufika kwa mgonjwa, na kumrudisha kila kijana nyumbani kwa mama yake.