Umri wa Mtuhumiwa Hausomwi Kwenye Gego Moja

Vijana wenzangu, tukizungumzia haki za waliokamatwa huwa tunataja dhamana, wakili na saa 24. Umri tunausahau. Na kwa kijana wa miaka 17 umri ndio unaoamua karibu kila kitu: atashtakiwa mahakama gani, atalala mahabusu na nani, na akitiwa hatiani atapewa adhabu gani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kifungu cha 119 kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo jela. Kifungu cha 26 cha Kanuni ya Adhabu nacho kinazuia hukumu ya kifo kwa aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa. Sasa chukua kijana asiye na cheti cha kuzaliwa. Mama yake yuko kijijini, na hati ya mashtaka imeandikwa "miaka 19" kwa sababu aliyemwandikisha kituoni alitazama ndevu. Nani anamaliza ubishi huo?

Kifungu cha 113 kinaitaka mahakama ichunguze umri, na ushahidi wa kitabibu unaruhusiwa. Hapo ndipo daktari wa meno anapoitwa.

Kazi ya kwanza ya eksirei ya meno ni matibabu: kuona tundu lililojificha kati ya meno mawili, usaha kwenye ncha ya mzizi, mfupa ulioliwa chini ya fizi, yaani vitu ambavyo kile kioo chake kidogo hakivifikii. Lakini picha hiyohiyo inaonyesha na ukuaji. Jino hujengwa ndani ya taya kwa mpangilio: kichwa kwanza, kisha mzizi unarefuka, mwisho ncha ya mzizi inajifunga. Mashine ya OPG, ile inayokuzunguka kichwa, inapiga taya zote mbili kwa mara moja, halafu daktari analinganisha anachokiona na hatua zilizokwisha kuchorwa. Zinazotumika sana ni za Demirjian na wenzake, za mwaka 1973. Ziko nane, kuanzia A hadi H.

Kwa mtoto wa miaka 8 njia hii inasaidia kweli. Meno mengi yanakua kwa pamoja, hivyo moja likidanganya, mengine yanasahihisha. Ila mahakamani mara nyingi hatubishanii miaka 8. Tunabishania 17 au 19, na kufikia hapo meno 28 yameshamaliza au yanakaribia kumaliza kukua. Linabaki gego la mwisho, lile la nyuma kabisa, na hilo ndilo korofi kuliko yote. Kuna mtu mzizi wake unajifunga kabla ya miaka 18, kuna mwingine anafika 22 bado uko wazi, na wapo ambao gego hilo halikuumbwa kabisa. Likishakamilika limekamilika, mzizi uliofungwa haukuambii kama mwenye nao ana 20 au 35.

Halafu kuna jambo linalonikera zaidi. Watoto ambao Demirjian aliwatumia walikuwa Wakanada wenye asili ya Kifaransa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulilinganisha gego la mwisho la Wajerumani, Wajapani na Waafrika Kusini weusi, ukakuta la Waafrika linakomaa mapema zaidi. Maana yake nini? Ukimpima kijana wa Kiafrika kwa kipimo cha Wazungu, unaweza kumzeesha. Na kumzeesha mtuhumiwa wa miaka 17 ni kumfungulia mlango wa gereza la watu wazima.

Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo nilisikia ripoti ya namna hii ikisomwa katika mahakama moja. Mistari miwili tu: kinywa kimechunguzwa, umri ni miaka 19. Basi. Haikusema kama picha ilipigwa au daktari aliangalia kwa macho, ametumia kipimo gani, wala anaweza kuwa amekosea kwa miaka mingapi. Kijana hakuwa na wakili. Akaulizwa kama ana swali kwa daktari. Angeuliza nini, jamani?

Nisieleweke vibaya. Siwapigi vita madaktari, na wala sitaki kumtisha mtu na mionzi. Ya OPG moja ni kidogo, hailingani hata na ile tunayoipata kutoka ardhini na angani kwa mwezi mmoja. (Ingawa picha isiyo ya matibabu inahitaji ridhaa, na ridhaa ya mtu aliyefungwa pingu tunajua ilivyo.) Ninachopinga ni namba moja kavu kufanywa kuwa ukweli. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika Maoni ya Jumla Na. 24 ya mwaka 2019, iliziasa nchi zisitegemee vipimo vya mifupa na meno peke yake, na shaka ikibaki imnufaishe mtoto. Uingereza nayo ilipotaka kupima hivyo vijana wanaoomba hifadhi, chama cha madaktari wa meno wa huko kilipinga.

Kwa hiyo tudai kanuni iliyo wazi: hakuna ripoti ya umri bila kutaja njia iliyotumika na umri wa chini kabisa unaowezekana. Ikiwa wa chini ni 16 na wa juu ni 21, huyo ashughulikiwe kama mtoto. Na Serikali imalize usajili wa vizazi, kazi ambayo RITA imekabidhiwa, badala ya kutuachia sisi tukabishane na taya.

Wakati huo haujafika bado, basi nyie mnaokwenda vituoni kuwadhamini wenzetu, msiende mikono mitupu. Tafuteni kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejesta ya shule ya msingi aliyosoma, mwalimu wake wa darasa la kwanza, bibi aliyemzalisha. Na daktari akipanda kizimbani, wakili asikubali akashuka kabla hajasema picha iko wapi.