Mchukuzi Asiye na Sanamu

Wako wasomi wenzetu wasemao kwamba sanamu, bustani na viwanja vya mji ni mapambo tu, na mapambo hayana haja ya kusomwa. Maneno hayo ni mepesi ulimini lakini si ya kweli. Mji husema kwa shaba na mawe kama mtu asemavyo kwa kinywa. Na kama mtu, waweza kutamka nusu ya kweli na kuificha nusu ya pili. Dar es Salaam ni ushahidi.

Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha huko sanamu ya Hermann von Wissmann, mtu aliyevunja upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani mwaka 1889. Wissmann aliwekwa juu. Chini yake aliwekwa askari Mwafrika, macho yake kwa bwana wake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Ikasimamishwa tena Hamburg mwaka 1922, hata wanafunzi wa huko walipoiangusha mwaka 1968. Katika Dar es Salaam, Waingereza walizindua Sanamu ya Askari mwaka 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Safari hii Mwafrika alisimama juu peke yake, bunduki yenye singe mikononi. Wengi husifu badiliko hilo. Mimi nasema halikutosha.

Vita ya 1914 hadi 1918 katika nchi hii haikupiganwa kwa bunduki peke yake. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, barabara zilikuwa haba, na majeshi yalikwenda porini mbali na reli. Chakula, dawa na risasi vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu. Pande zote mbili wachukuzi walikuwa wengi kupita askari, na wengi wao walitwaliwa kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, si kwa risasi, bali kwa njaa, homa na kuhara damu. Maandishi ya mnara ule, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yawataja. Lakini jicho la mpita njia laona askari tu. Wala haisemeki kwamba mchukuzi hakuchongeka, maana mchongaji yule yule alisimamisha Nairobi watu watatu, na mmoja wao ni mchukuzi.

Tutazame na viwanja. Bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1893, ambayo leo ni kivuli cha mapumziko, ilikuwa mahali pa kujaribia mimea ya biashara ya mkoloni. Mnazi Mmoja uliachwa wazi katika utawala wa Waingereza ili makao ya Waafrika yatengwe na Uhindini. Uwazi ule haukuwa ukarimu; ulikuwa ukuta usio na mawe. Wananchi ndio walioupa maana nyingine kwa mikutano yao, na leo Mnara wa Uhuru wasimama pale na mwenge wake. Ng'ambo ya uwanja huo iko Kariakoo, penye kambi ya wachukuzi baada ya mji kutekwa. Jina lile ni jina la Kiingereza la kikosi chao, lililofinyangwa na ndimi zetu. Serikali ya kikoloni ilimpa askari shaba. Watu walimpa mchukuzi neno.

Nitajibiwa kwamba neno latosha. Lingetosha kama lingeeleweka. Maelfu huingia Kariakoo kila siku kununua na kuuza, nao hulitamka jina la marehemu bila kujua kwamba wanamtaja marehemu. Wengine watasema dawa ni kumvunja askari wa shaba. Hao nawapinga pia: askari yule alikuwa mwana wa watu, na kosa si kwamba yeye yupo, bali kwamba mwenzake hayupo.

Naandika haya Usevya, katika nchi ya Wapimbwe, mbali na bandari. Labda mtu atauliza sanamu za Dar es Salaam zatuhusu nini. Zatuhusu sana. Kituo cha Wabelgiji cha mwaka 1879 pale Karema, katika mkoa wetu huu wa Katavi, kililetewa bidhaa kutoka pwani kwa vichwa vya watu. Katika Vita Kuu reli ilikuwa bado kufika Mpanda. Bara ndiyo iliyotoa migongo, na migongo hiyo haikurudi yote. Mji mkuu wa biashara usipoionyesha migongo hiyo, huwafundisha watoto wa bara kwamba wao ni wageni katika historia yao wenyewe.

Basi mchukuzi na asimamishwe Mnazi Mmoja au Kariakoo, mzigo kichwani, bila silaha. Na vyuo vyetu visomeshe habari zake kabla ya kusomesha uzuri wa bustani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa zaidi ya miaka 100 tumeuona mzigo ule kuwa usufi, kwa sababu hatukuubeba sisi.