MAGARI 14 KWA PIKINIKI MOJA

Naomba nafasi kidogo katika jarida letu nizungumzie jambo ambalo najua litawaudhi baadhi yenu, hasa wale rafiki zangu ambao kila Alhamisi jioni huniambia "ingia twende". Samahani mapema.

Februari mwaka huu jumuiya yetu ilifanya pikiniki ufukweni hapa Bustan, ninapoishi kwa shangazi yangu. Tulikuwa watu 31. Nilikaa kwenye jiwe nikisubiri pilau iive, na kwa kuwa nasomea uhandisi wa barabara (sisi tuna ugonjwa wa kuhesabu) nikaanza kuhesabu magari. Yalikuwa 14! Manne kati ya hayo yalikuja na dereva peke yake. Jioni ndipo nikaja kujua kwamba kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyetoka Mbale miezi 5 tu kabla, alikuja kwa teksi na kulipa riali 7, kwa sababu hakuna aliyemuuliza atafikaje. Wenzake wawili hawakuja kabisa. Riali 7 kwa mwanafunzi anayeishi kwa posho ni chakula cha siku kadhaa. Tangazo letu lilisema: "Tukutane Bustan saa 10, kila mtu na usafiri wake." Tangazo lile niliandika mimi, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole.

Tukifika huku, jambo la kwanza tunaloambiwa na waliotutangulia ni kwamba Maskati bila gari huishi. Mimi niliamini. Mwaka wangu wa kwanza tulichanga na mwenzangu tukanunua Corolla kuukuu kwa riali 850. Bima, tairi, kiyoyozi, halafu mwezi wa saba giaboksi ikafa. Baada ya miezi 14 tuliiuza kwa 400, na tulipopiga hesabu tukaona bora tusingepiga. Sehemu yangu ya hasara ingemlipia mdogo wangu ada ya chuo Tanga. Tena mafuta hapa si ghali, mwaka 2021 Serikali iliyawekea kikomo cha bei. Mafuta siyo yaliyotumaliza, gari lenyewe ndilo lililotumaliza.

Sasa, ni kweli huishi? Tuutazame mji wenyewe. Inaelezwa kwamba mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na barabara ya lami ya kilomita 10 hivi tu. Karibu kila mnachokiona leo kimejengwa baada ya hapo, na kimejengwa kwa ajili ya mtu aliyeketi ndani ya gari. Lakini milima upande mmoja na bahari upande mwingine zimeubana mji ukawa mrefu na mwembamba, umelala kando ya barabara moja kubwa ya Sultan Qaboos. Kwa mhandisi, mji wa namna hiyo ni zawadi! Ukiwa na mabasi mazuri kwenye mstari mmoja tu umeshawafikia watu wengi mno. Ndivyo walivyoanza Mwasalat Novemba 2015, na yale mabasi mekundu kati ya Ruwi na Mabela. Yana kiyoyozi, ni masafi, na unaweza kusoma njiani. Wangapi kati yetu tumewahi kuyapanda?

Tatizo halisi la Maskati ni zile mita 500 za mwisho. Unashuka kituoni, chuo unakiona kwa macho, lakini mbele yako pana barabara ya njia sita, uzio, na daraja la waenda kwa miguu liko mbali huko. Wengine wanaruka uzio. Mwaka 2012 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 1,100 katika nchi hii, nchi ambayo wakati huo haikufikisha hata watu milioni 4. Tangu hapo vifo vimepungua, kamera za mwendo zikiwa zimeongezwa, lakini mimi bado nikivuka pale kwenye kiplefti cha Bustan nasoma dua. Mnakijua: ndicho chenye ile jahazi Sohar katikati, iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari kama mitepe ya Lamu, ikatoka hapa Maskati Novemba 1980 na kufika Canton, China, mwaka 1981. Ilivuka bahari zote hizo, na leo mtu wa miguu akitaka kuigusa tu inabidi akimbie.

Mimi siku hizi natoka na baiskeli kabla jua halijapanda. Napita Sidab, naingia Maskati ya zamani, nashika barabara ya baharini mpaka Mutrah, halafu Ruwi. Kuna vilima vya kukutoa ulimi, na nikifika Ruwi kama baada ya dakika 50 naifunga baiskeli nyuma ya duka la mtu tunayefahamiana, nabadilisha shati, napanda basi namba 1. Kero ninazo. Madereva hunipigia honi kana kwamba nimeiba kitu. Ajabu ni kwamba tangu 2010 nchi hii ina mashindano makubwa ya baiskeli, Tour of Oman, na yakipita huku kwetu Bustan watu hutoka kushangilia. Mtaliano akipanda kile kilima ni shujaa, Mswahili akikipanda kesho yake ni masikini.

Na hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Ni aibu. Shangazi yangu, aliyezaliwa Unguja akaja huku miaka ya 70, siku ya kwanza aliponiona na kofia ya baiskeli alishika kiuno. "Mwanangu, msomi mzima unakwenda na baskeli kama muuza samaki? Watu watasema tumekunyima hata nauli!" Nikamuuliza, shangazi, wewe Unguja ulikwenda skuli na nini? Akacheka. Kwa miguu, kutoka Ng'ambo, kila siku, na babu alikuwa na Raleigh aliyoifuta vumbi kuliko alivyotufuta sisi. Kwa hiyo jambo lenyewe si geni kwetu. Tumejifunza kulionea haya.

Mtaniambia joto. Sikatai, mchana wa Julai hapa si wa mchezo, na sheria yenyewe inakataza kazi za juani kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 9 na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Lakini kuanzia Novemba hadi Machi hali ya hewa ni ya kutembea kabisa, na siku hizo nazo tunatembelea magari. Tena joto linategemea mlivyojenga. Ingieni soko la Mutrah au vichochoro vya Mji Mkongwe saa 7 mchana: nyumba zimekaribiana, kuta zinapeana kivuli, upepo unapita. Wazee walijua. Lami pana isiyo na mti hata mmoja ndiyo inayochoma.

Kwa dada zetu najua suala ni zito zaidi, kusubiri kituoni peke yako usiku siwezi kumshauri mtu. Hilo linahitaji mpango wa pamoja, si hotuba ya kaka mwenye baiskeli.

Kwa nini nahangaika na haya? Kwa sababu wengi wetu tutarudi, na baadhi yetu ndio tutakaochora barabara za huko. Nawasikia mkisema, "Dar ingekuwa na barabara kama hizi!" Jamani, tuhesabu kidogo. Njia moja ya barabara hupitisha magari kama 2,000 kwa saa. Kila gari na mtu mmoja na kidogo, ni watu 2,600 hivi. Njia hiyohiyo mpe basi refu la watu 150 kila dakika moja, ni watu 9,000. Nairobi walifungua Thika Road ya njia nane mwaka 2012, nzuri kwelikweli, na watu wakaanza kufa wakiivuka kwa kukimbia. Dar nao, Mei 2016, wakaanza mwendokasi, kilomita 21 za Kimara hadi Kivukoni na matawi yake, pamoja na njia za miguu na baiskeli, na mji ukapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018. Najua mtacheka: foleni za Kimara, mabasi machache, Jangwani mvua ikinyesha. Ni kweli yote. Lakini hayo ni makosa ya uendeshaji, mabasi yanaongezwa. Barabara ya njia nane ukishaijenga katikati ya watu, huiondoi.

Turudi kwenye jumuiya. Pikiniki ya Novemba ni Qantab, mlima mmoja tu kutoka kwetu. Nimeshauliza bei ya basi dogo la watu 30: riali 45 kwenda na kurudi, yaani riali moja na nusu kwa kichwa. Naiomba kamati ilipe kutoka mfuko wetu kwa wanaoanza mwaka wa kwanza. Litaondoka kituo cha mabasi Ruwi saa 9 kamili alasiri na halitamsubiri mtu, hata mwenyekiti. Orodha ninayo mimi. Jina la kwanza nimeshaandika la yule kijana wa Mbale, na la pili, kwa mshangao wangu, ni la shangazi.