Wimbo uleule, flashi mbili: kwa nini baba na kijana hawakusikia sawa

Kaseti ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, katika nyumba moja ya Rulenge wilayani Ngara. Ni kaseti ya kwaya ya parokia, iliyorekodiwa miaka ya tisini, na anayeanzisha wimbo wa pili ni bibi wa nyumba hiyo, ambaye sasa ni marehemu. Familia ilikuwa ikijiandaa kwa misa ya kumbukumbu yake, na watoto wake walitaka sauti ile isikike siku hiyo.

Kijana wa kidato cha pili akapewa kazi. Aliazima redio kaseti kwa jirani, akaweka simu mbele ya spika, akabonyeza kinasa sauti cha WhatsApp, kisha akaurusha wimbo kwa shangazi yake aliyeko Biharamulo mjini. Shangazi akaupeleka kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo. Fundi akaugeuza kuwa MP3, akauweka kwenye flashi, na flashi ikarudi Rulenge na gari la asubuhi. Ilipochomekwa kwenye sabufa, bibi aliimba kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa.

Baba alisema flashi ni feki, akanunua nyingine ya bei kubwa zaidi. Hali ikawa ileile. Akasema basi kompyuta ya yule fundi ni mbovu, na kwamba Ngara mjini kuna kibanda chenye mashine mpya na diski kubwa ambako muziki unatoka mzito. Wakaenda. Wimbo ulitoka kwa kishindo, baba akaridhika. Njiani kijana akasema, "Baba, hata huu unachakacha, kama mchele unaopepetwa." Baba akajibu kwamba yeye hasikii mchele wowote, na kwamba watoto wa siku hizi wanajifanya wana masikio kuliko wazazi wao. Siku mbili nyumba ilikuwa kimya. Baba alishaanza kuulizia bei ya sabufa mpya, na fedha aliyokuwa akiihesabia ilikuwa ya sare za shule.

Ugomvi kama huu uko kwenye nyumba nyingi, na hauko Kagera peke yake. Ulaya na Marekani wapo wanaonunua mitambo ya kuhifadhia muziki kwa mamilioni ya shilingi wakiamini kwamba diski fulani inaimba vizuri kuliko nyingine. Kwa hiyo baba wa Rulenge asichekwe.

Ukweli ni kwamba flashi haiimbi, wala diski ya kibandani haiimbi. Zote zinatunza namba. Sauti inaporekodiwa kwa mtindo wa CD, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1982, kompyuta huipima mara 44,100 kila sekunde na kuandika namba kila inapopima. Namba hizo zikinakiliwa kutoka kompyuta ya Biharamulo kwenda flashi ya Ngara, kisha memori kadi ya Nyakanazi, hufika zilezile. Namba haichoki kwa safari. Flashi mbovu huharibu kwa namna yake: wimbo unakatika, unaruka, au faili linakataa kufunguka. Haiwezi kumfanya muimbaji asikike kana kwamba yumo ndani ya pipa.

Kinachoharibu ni kubana. Wimbo wa dakika nne ukiachwa katika ubora wa CD huchukua takriban megabaiti 42, na hilo ni faili zito kwa mtu wa bando. Ndiyo maana ikaja MP3, iliyobuniwa Ujerumani na kupewa jina hilo la faili mwaka 1995. MP3 huondoa zile sehemu za sauti ambazo sikio la kawaida halizigundui kwa urahisi, kwa mfano mlio mdogo uliofunikwa na ngoma kubwa. Ikibanwa kwa kilobiti 320 kwa sekunde, wimbo uleule unabaki kama megabaiti 10, na wengi hawawezi kuutofautisha na CD. Kwa kilobiti 128 unabaki kama 4. Ukishushwa hadi 64 unakuwa kama 2, na hapo mapengo yanaanza kusikika.

Kuna jambo la kushangaza hapa. Mmoja wa wabunifu wa MP3, Karlheinz Brandenburg, alikuwa akiujaribu mfumo wake kwa wimbo wa Suzanne Vega uitwao "Tom's Diner", ambao ni sauti ya mwanamke mmoja tu, bila gitaa wala ngoma. Aliuchagua kwa sababu ulikuwa mgumu. Ngoma zinaficha makosa ya kubana. Sauti ya mtu peke yake haifichi. Na kaseti ya Rulenge ilikuwa hivyohivyo: bibi anaanzisha peke yake, kwaya inaitikia baadaye.

Sasa hesabu njia aliyopita bibi huyo. Kwanza spika ndogo ya redio ya jirani, kisha hewa ya sebuleni, kisha kinasa sauti cha WhatsApp, ambacho kimetengenezwa kwa maongezi na hubana sana ili ujumbe uende haraka. Baada ya hapo fundi wa Biharamulo alibana tena kile kilichokwisha kubanwa. Kilichoondolewa hakirudi. Fundi anaweza kuligeuza faili la kilobiti 64 likasomeka 320, likanenepa kwenye flashi, lakini ni sawa na kuongeza maji kwenye mchuzi: sufuria limejaa, nyama ni zileile.

Hii ndiyo sababu vibanda viwili hutoa wimbo uleule kwa sauti tofauti. Mmoja alinakili kutoka CD halisi. Mwingine aliuvuta kutoka kwenye video ya YouTube, akaubana, akampa rafiki yake, naye akaubana tena. Huduma za mtandaoni nazo hutofautiana kwa njia hiyohiyo. Spotify, iliyofika Tanzania mwaka 2021, hutuma wimbo mmoja kwa viwango vingi, kuanzia kilobiti 24 kwa sekunde kwa mwenye kubana bando hadi 320 na zaidi kwa anayelipia. Mzazi anayeona muziki wa simu yake umepwaya angalie kwanza mipangilio ya programu kabla ya kulaumu simu.

Na ule uzito wa kibanda cha Ngara mjini? Kwanza, kilipigwa kwa sauti ya juu zaidi. Sikio lina udhaifu huo: ukilisikilizisha wimbo mmoja mara mbili, mara ya pili ukaongeza sauti kidogo tu, litakwambia wa pili ni bora. Wauza redio wanalijua hilo vizuri. Njia ya haki ni kusawazisha sauti za vifaa viwili, mtu mwingine akavibadilisha huku msikilizaji hajui kipi kinapiga. Watu wengi wenye masikio ya dhahabu wameaibika kwenye jaribio hilo.

Tofauti ya kweli kati ya vifaa huja baada ya namba kusomwa. Ndani ya kila redio ya flashi kuna kijisehemu kinachogeuza namba kuwa umeme wa sauti, kisha kikuza sauti, kisha spika. Vya bei rahisi sana huongeza mvumo. Umeme nao unachangia: simu iliyochomekwa kwenye sabufa huku ikichajiwa kwa chaja ya bei chee mara nyingi huleta mngurumo ambao hupotea ukichomoa chaja. Sola yenye inveta duni hufanya vivyo hivyo. Halafu kuna nyumba yenyewe. Sebule ya sakafu ya saruji, kuta tupu na mabati yasiyo na dari hurudisha sauti kama kisima. Kutandika mkeka na kutundika pazia zito kunaweza kusaidia kuliko sabufa mpya, na sare za shule zikanunuliwa.

Tukirudi kwenye mchele wa kijana. Mtoto mwenye masikio mazima anaweza kusikia milio myembamba hadi kama mitetemo 20,000 kwa sekunde. Umri ukipanda, milio hiyo ya juu ndiyo inayoondoka kwanza, na wengi waliofika miaka 50 hawasikii sana kinachopita 12,000. Mchakacho wa faili lililobanwa vibaya huweza kuwa kwenye milio myembamba. Kwa hiyo kijana hakuwa na kiburi. Huenda alisikia kitu ambacho baba yake hawezi tena kukisikia vizuri. Baba mwenyewe amekua na redio ya FM, tangu Radio Kwizera ilipoanza Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi, na FM huishia kwenye mitetemo 15,000 hivi. Hakuikosa hiyo mingine.

Masikio hayo mazima ni ya kutunzwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anayetumia spika za masikioni asizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtu mzima ni 80. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama unapungua nusu. Faili bovu humshawishi mtoto aongeze sauti akitafuta maneno ambayo hayamo, na hayatapatikana hata akifika mwisho wa kitufe.

Kule Rulenge, mwalimu mmoja wa shule ya jirani ndiye aliyewatoa kwenye mkwamo. Kwanza alivunja vile vijisahani viwili vya plastiki vilivyoko ukingo wa juu wa kaseti, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha akasafisha kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti. Akatoa sauti kwa waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kompyuta ya shule, bila kupitia hewani, na kurekodi upande mzima mara moja kwa Audacity, programu isiyolipiwa. Alihifadhi bila kubana: dakika 30 zilichukua kama megabaiti 300, ambazo flashi yoyote ya leo inazibeba. Mvumo wa kaseti ulibaki, kwa sababu ulikuwamo tangu mwanzo. Pipa lilitoweka.

Kijana alikaa karibu na kompyuta, baba nyuma yake. Kabla ya wimbo wa pili kuna mtu anakohoa. Mwalimu aliuliza kama akikate kikohozi hicho, na baba akasema hapana, huyo ni mzee wao, ndiye aliyekuwa akishika tochi juu ya vitabu vya nyimbo.

Jioni shangazi aliomba arushiwe kwa WhatsApp. Kijana alimwandikia, "Shikamoo shangazi, naomba uvumilie," na kesho yake flashi ikapanda gari la Biharamulo. Nyingine ilibaki kwa mwalimu, na ya tatu iko ndani ya kopo la maziwa pamoja na kaseti.