Sarafu haiui mtu

Juma lililopita tulikuwa watu kama ishirini katika kibanda cha video cha mtaa, tukitazama filamu ya Kimarekani iitwayo No Country for Old Men. Ilipoisha, kelele zikaanza. Kijana mmoja alitaka arudishiwe faranga zake. Mwingine akasema: «Filamu gani hii? Akta amekufa bila sisi kuona, muuaji ameenda zake, halafu mzee anasimulia ndoto. Ndiyo mwisho huo?» Na mama mmoja aliyekimbia kutoka Masisi akaniuliza kwa upole: «Mwanangu, sisi tulioona ya kweli, tutazame tena ya kuigiza kwa nini?»

Vijana, nawajibu wazi: mmekosea. Mama, jibu lako linahitaji maneno zaidi.

Filamu hii ya ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, ilitoka mwaka 2007 na ikapata Oscar 4, pamoja na ile ya filamu bora. Hadithi inatoka katika kitabu cha Cormac McCarthy. Ni Texas, karibu na mpaka wa Meksiko, mwaka 1980. Llewelyn Moss, fundi wa kuchomelea vyuma aliyepigana Vietnam, yuko porini akiwinda. Anakuta magari na maiti za watu wa biashara ya dawa za kulevya, na begi lenye dola milioni 2. Anabeba begi. Usiku dhamiri inamsumbua, anarudi na maji kwa majeruhi aliyemwomba mchana. Hapo ndipo anaonekana. Kilichomponza ni huruma iliyochelewa.

Anayemfuata ni Anton Chigurh, muuaji anayetembea na chombo cha machinjioni cha kuulia ng'ombe kwa nguvu ya hewa. Lakini mambo hayaendi mbio. Muziki karibu hakuna. Unasikia upepo, viatu, mlango. Katika kituo cha mafuta, Chigurh anamwambia mzee muuzaji achague upande wa sarafu, bila kumweleza kwamba anachezea uhai wake. Hakuna damu inayomwagika pale. Hata muuza karanga aliyesimama mlangoni kwetu alinyamaza.

Sasa linganisheni na zile filamu mnazozipenda, mtu mmoja anaangusha arobaini kwa bunduki moja. Wale arobaini hawana mama, hawana jina, hawazikwi. Jasiri hapigwi risasi, na mwisho kila deni limelipwa. Hizo ndizo zinazotudanganya. Nani kati yetu aliyeona vita ya namna hiyo? Sisi tulipokea habari za ndugu zetu kama zinavyopokelewa za Moss: tumefika, yamekwisha tendeka, hatukuona. Mnadai pesa zenu kwa sababu filamu imekataa kuwadanganya!

Mama, nakujibu kwa habari ya mwanamke mmoja. Carla Jean, mke wa Moss, ametoka kumzika mama yake. Anaingia chumbani, muuaji amekaa anamsubiri. Anamtolea sarafu, achague. Mwanamke anakataa. Anamwambia kwamba sarafu haina la kusema, anayeamua ni yeye. Hana silaha, hana wa kumwokoa, lakini anamnyima muuaji kisingizio chake. Baadaye muuaji anatoka nje na kutazama chini ya viatu vyake, nasi tunaelewa.

Je, sisi tunasemaje? «Vita ilikuja.» «Vita ilitufukuza.» «Vita imemchukua.» Kama vile vita ni mvua! Na sisi wa redio ndio wa kwanza kukosea. Tunasoma kwamba mapigano yamesababisha vifo, kisha tunaenda kwenye habari nyingine. Mapigano hayana mkono wa kushika panga wala kidole cha kufyatua risasi. Kila kifo kina mtu aliyeamua, na mara nyingi mwingine aliyemtuma. Wenye bunduki wote wana sarafu yao: amri, ulinzi, kabila, madini. Tusiwachagulie upande.

Kuna wanaosema filamu ya namna hii inafundisha ukatili. Watoto wasiitazame, nakubali, maana damu imo. Kosa lake naliona kwingine: Wameksiko wengi waliomo ni maiti tu, na yule aliyeomba maji hatujui hata jina lake. Sisi tunaohesabiwa kwa makumi katika taarifa tunajua uchungu wa jambo hilo.

Na yule mzee mwenye ndoto ni sherifu Ed Tom Bell, mkuu wa polisi wa pale, ambaye baba na babu yake walifanya kazi hiyo hiyo. Alifika amechelewa kila mahali. Mwishoni anaacha kazi na kukiri, bila kujitetea, kwamba mambo yamemshinda. Vijana, mlicheka. Mimi nilijiuliza ni wakubwa wangapi wa kwetu, walioapa kutulinda na wakashindwa, tuliowahi kuwasikia wakikiri hivyo.

Itazameni tena, taratibu. Kisha jioni, mkisimulia yaliyowapata, msiseme tena vita ilikuja. Semeni walikuja watu.