Mishipa ya damu inayoonekana kifuani: Kwa nini leza si hatua ya kwanza

Shingo ya dera ikishuka kidogo tu, inaonekana. Vistari vyembamba, vyekundu na vya zambarau, vimesambaa juu ya kifua kama mizizi ya nyasi. Haviumi wala haviwashi. Ila havitoki, hata usugue na nini.

Kwa anayeviona kwa mara ya kwanza, safari mara nyingi huanza kwenye simu. Huko kuna picha za "kabla" na "baada", bei za ofa, na jibu la chapchap kwenye meseji: "Dada, njoo tu, vikao vitatu vinatosha."

Tatizo ni kwamba swali la mashine gani itumike linakuja mapema mno. Linaloamua kama hela itazaa matunda ni swali jingine: vistari hivyo vimeletwa na nini?

Afrika Mashariki moja ya majibu linajulikana vizuri kwa madaktari wa ngozi, na halipo kwenye matangazo ya kliniki. Ni tyubu ndogo ya dawa inayouzwa dukani, ambayo wengi hawajui kama ni dawa kali.

Haijapasuka, imetanuka

Wengi huita hali hii "mishipa iliyopasuka". Kwa kweli mishipa mingi ya aina hii haijapasuka. Ni vishipa vidogo sana vya damu, yaani kapilari na vile vinavyopakana nazo, ambavyo vimetanuka na kushindwa kurudi saizi yake. Kitaalamu huitwa telanjiektasia.

Kuna jaribio rahisi la nyumbani. Chukua glasi ya maji inayopitisha mwanga, ibonyeze taratibu juu ya vistari. Vikififia kisha kurudi ukiachia, hiyo ni damu iliyo ndani ya mishipa. Visipofifia, huenda damu imevuja chini ya ngozi. Hilo ni jambo tofauti na linahitaji kupimwa.

Sababu za kutanuka ni nyingi: jua la miaka mingi, umri, ujauzito, kurithi, magonjwa fulani, na mionzi ya tiba. Mtu aliyetibiwa saratani ya matiti kwa mionzi anaweza kuona vistari hivi miezi au miaka baada ya kupona, katika eneo lilelile lililopigwa mionzi.

Halafu kuna mkorogo.

Dawa inavyogeuka sumu ya ngozi

Kwenye mjadala wa kujichubua, majina yanayotajwa zaidi ni zebaki na haidrokwinoni. Lakini lipo kundi la tatu: steroidi za kupaka. Kali zaidi miongoni mwake ni klobetasoli, ambayo kwenye tyubu huandikwa clobetasol.

Ikitumiwa sawasawa, klobetasoli ni dawa nzuri. Huandikwa kwa ukurutu mkali, soriasisi na magonjwa mengine ya ngozi. Ila matumizi yake yana mipaka: kwa kawaida si zaidi ya wiki 2 mfululizo, na si zaidi ya gramu 50 kwa wiki.

Anayejichubua hupaka mwili mzima, kila siku, kwa miezi au miaka.

Mwanzoni matokeo yanavutia. Steroidi hubana mishipa ya damu, ngozi ikapauka, huku ikipunguza utengenezaji wa melanini, rangi ya asili ya ngozi. Mtu anaona "imekubali".

Baadaye mambo yanageuka. Dawa hiyo hiyo hupunguza kolajeni, nyuzi zinazoipa ngozi unene na uimara. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Mishipa inapoteza kitu cha kuishikilia, inatanuka. Na kwa kuwa rangi iliyokuwa inaificha imeondolewa, kila kistari kinaonekana.

Kifua na shingo huathirika kirahisi kwa sababu ngozi yake si nene, inapigwa na jua, na ndiyo sehemu ambayo wengi hutaka ifanane na uso.

Sheria inakamata kopo, tyubu inapita

Hapa ndipo habari ya urembo inapogeuka kuwa habari ya sera.

Serikali za kanda hazijalala kabisa. Mwishoni mwa 2018 Rwanda ilianza msako mkali dhidi ya vipodozi vya kujichubua madukani. Bunge la Afrika Mashariki nalo liliwahi kuzitaka nchi wanachama zizuie bidhaa zenye haidrokwinoni. Novemba 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikutana Geneva na kukubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki viondolewe ifikapo 2025.

Tanzania, steroidi haziruhusiwi kwenye vipodozi. Kwa hiyo tatizo limeisha? Hapana.

Klobetasoli si kipodozi. Ni dawa halali. Haiwezi kupigwa marufuku kama zebaki kwa sababu kuna wagonjwa wanaoihitaji. Inapaswa kutolewa kwa cheti cha daktari, lakini cheti kina maana pale tu muuzaji anapokiulizia.

Kuna na suala la nani anasimamia nini. Tangu 2019, vipodozi Tanzania viko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kenya nako mgawanyo unafanana: viwango vya vipodozi viko kwa KEBS, dawa ziko kwa Bodi ya Famasia na Sumu.

Kwenye karatasi mgawanyo huu una mantiki. Lakini mkorogo ni nini? Ni losheni ya kawaida iliyokamuliwa ndani yake tyubu mbili tatu za dawa, ikakorogwa nyuma ya duka na kuwekwa kwenye kopo lisilo na lebo. Si dawa iliyosajiliwa, si kipodozi kilichosajiliwa. Mkaguzi wa vipodozi anaangalia makopo yaliyoko kwenye rafu. Mkaguzi wa dawa anakuta tyubu ambayo ina haki ya kuwepo. Kilichochanganywa katikati hakina mwenyewe.

Mnunuzi ndiye anayelipa. Analipa mara ya kwanza kwa kununua mkorogo, na mara ya pili kwa kutafuta leza ya kufuta alichoachiwa na mkorogo.

Tiba ya kwanza: kuacha, ila kwa akili

Kama chanzo ni krimu, kufanyiwa leza huku bado unapaka ni kukinga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mishipa mipya itakuja.

Lakini kuacha ghafla nako kuna hatari zake. Ngozi iliyozoea steroidi inaweza kulipuka: ikawa nyekundu, ikachoma, ikavimba, ikatoa vipele. Wengi hutafsiri hali hii kama ushahidi kwamba "ngozi inaitaka ile krimu", wakairudia.

Kubwa zaidi, steroidi iliyopakwa mwili mzima kwa muda mrefu huingia kwenye damu na kuzifanya tezi zilizo juu ya figo zipunguze kutengeneza homoni muhimu. Ukiacha kwa mpigo, mwili unaweza kukosa homoni hiyo. Uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu, kutapika au kuzimia baada ya kuacha ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Ndiyo maana aliyetumia kwa miezi mingi anashauriwa apange namna ya kuacha pamoja na daktari.

Habari njema ni kwamba ngozi iliyokondeshwa inaweza kujirudisha kwa kiasi baada ya miezi kadhaa, na baadhi ya vistari vikafifia. Michirizi iliyochanika, ile inayofanana na ya ujauzito, haifutiki. Mishipa iliyotanuka sana nayo mara nyingi hubaki.

Kusubiri huko hakugharimu kitu, na kunaonyesha ni vistari vingapi hasa vinahitaji mashine.

Pale kifua kinapotoa taarifa

Si kila anayeonekana na mishipa kifuani amejichubua. Kabla ya kufuta kitu, ni vizuri kujua kama kinasema jambo.

*Umbo la buibui.* Nukta nyekundu katikati, miguu ikitoka pande zote. Kimoja au viwili si ajabu, na kwa mjamzito hutokea sana na mara nyingi hupotea baada ya kujifungua. Vikiwa vingi kwa mtu mzima, kifuani na shingoni, vinaweza kuwa dalili ya ini lililoathirika. Kipimo cha ini na cha homa ya ini kinatangulia leza.

*Mishipa mikubwa ya bluu.* Kwa mama mjamzito au anayenyonyesha ni kawaida. Lakini ikijitokeza ghafla pamoja na uso au shingo kuvimba na pumzi kukatika, hiyo ni dharura.

*Vidoa vingi pamoja na damu ya pua ya mara kwa mara,* hasa kama wapo ndugu wenye hali hiyo, au vidole vinavyobadilika rangi kwenye baridi. Hapo daktari anahitaji kutafuta ugonjwa wa ndani.

Mashine inaweza kufuta alama hizi zote bila kugusa ugonjwa wenyewe.

Leza ipi, kwa ngozi ipi?

Ikishathibitika kwamba ni suala la mwonekano tu, leza ni tiba halisi na inafanya kazi. Kanuni yake ilielezwa na watafiti wa Marekani mwaka 1983: mwanga wa urefu fulani hunyonywa na damu, mshipa ukapata joto na kujifunga, huku ngozi ya jirani ikinusurika.

Shida ni kwamba melanini nayo hunyonya mwanga. Kadiri ngozi ilivyo nyeusi, ndivyo joto jingi linavyobaki juu kabla ya kufika kwenye mshipa. Matokeo yake yanaweza kuwa kuungua, madoa meusi au mabaka meupe.

Chaguo kuu ni hizi:

*Leza ya mwanga wa njano (nanomita 585 hadi 595).* Imetumika sana kwa mishipa midogo ya juu, ikiwemo ile ya baada ya mionzi ya saratani. Huweza kuacha michubuko ya zambarau kwa wiki 1 hadi 2. Kwa ngozi nyeusi inahitaji uangalifu mkubwa.

*Leza ya Nd:YAG (nanomita 1064).* Hupita kwenye melanini kwa urahisi zaidi, kwa hiyo ndiyo inayochukuliwa kuwa salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Lakini mkono usio na uzoefu unaweza kuunguza hata nayo.

*IPL.* Si leza, ni mwanga wa mchanganyiko. Inatangazwa sana saluni. Kwa ngozi nyeusi ndiyo yenye hatari kubwa ya kuunguza.

*Sindano ya umeme.* Huchoma kishipa kimoja kimoja. Inafaa kwa vidoa vichache. Kifua ni eneo linalopenda kuota keloidi, hivyo mwenye historia ya makovu yanayovimba aseme mapema.

Sindano za dawa ya kufunga mishipa ni za miguuni zaidi, si za kifuani. Na krimu zinazodai "kufunga mishipa" hazifungi mshipa uliokwisha kutanuka. Limao, kitunguu saumu na dawa ya meno vinaichoma zaidi ngozi ambayo tayari ni nyembamba.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kliniki nzuri haikasiriki kuulizwa. Ni mashine gani, na urefu wa mwanga wake ni nanomita ngapi? Atakayeishika ni nani, amesomea nini? Ameshatibu ngozi yenye rangi kama hii? Je, watajaribu kwanza sehemu ndogo na kusubiri wiki kadhaa?

Swali la mwisho lina uzito. Anayetaka kupiga kifua kizima siku ya kwanza, bila kuuliza unapaka nini, anauza kikao, hatibu.

Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache kanda hii, lakini wapo. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina kituo cha kikanda cha mafunzo ya ngozi kilichoanza 1992, ambacho pia hufundisha wahudumu wa afya wa ngazi ya kati ili huduma ifike mikoani. Kuanzia kwao ni bei nafuu kuliko vikao vitatu vya kubahatisha.

Na kuna chaguo ambalo halina tangazo: kuviacha. Vistari vyenyewe havina madhara. Kujikinga na jua kwa losheni au kitambaa, na kuvificha kwa vipodozi siku ya shughuli, kunawatosha wengi.

Kinachobaki

Mipango ya kuondoa zebaki ni hatua muhimu, kwa sababu zebaki huharibu figo. Lakini vita hiyo ikiisha kesho, tyubu ya klobetasoli itakuwa bado iko kwenye kaunta, halali, na hakuna aliyeulizia cheti.

Mpaka TBS na TMDA, au KEBS na Bodi ya Famasia, watakapoamua nani anashika kopo lisilo na lebo, mkaguzi wa mwisho ni mnunuzi mwenyewe. Kazi yake inaanza kwa kugeuza tyubu na kusoma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo.